Mume wa Jamidah

Dokta Abaho aliigeuza kompyuta yake ili Asmah aone mwenyewe, kisha akauliza kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuhukumu.

"Hebu nieleze, bibie. Mjane ana mume?"

"Hapana, dokta."

"Soma hapa. Hali ya ndoa?"

"Mjane."

"Sogea kulia. Nani anaamua faida ya biashara itumike vipi?"

Asmah alisoma. Pale palikuwa pameandikwa: mume wangu.

"Na huyu chini yake? Hajawahi kuolewa. Mtaji wa kuanzia alipewa na nani?" Dokta hakungoja, akajijibu mwenyewe. "Na mume wake! Na huyu, na huyu. Soko zima la Lhubiriha, kila mwanamke kapewa mtaji na mume. Kila mmoja anapitisha mzigo lango kuu la forodha, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari za njia ya magendo ya mtoni. Mimi nimezaliwa Maliba, Bi Asmah, sikuzaliwa London. Data hii hukuikusanya. Ulikaa kitandani kwenu Bwera, ukaipika."

"Dokta, nilizunguka soko lile kwa miguu yangu. Nilimuuliza kila mwanamke uso kwa uso."

"Basi ulimuuliza ukiwa umelala." Akafunga kompyuta. "Jumamosi ijayo utafika mbele ya jopo. Mradi huu ndio unaobeba shahada zako zote mbili, unajua hilo. Ukianguka, zinaanguka pamoja. Nyinyi watu wa mpakani mnapenda sana njia za mkato."

Asmah alisimama. Alikuwa na maneno mdomoni ambayo kama angeyatoa siku ile angefukuzwa hata kabla ya hiyo Jumamosi. Akayameza yote, akachukua mkoba wake, akaufunga mlango wa dokta kwa nguvu kiasi kwamba mtu wa ofisi ya pili alichungulia dirishani kuona kama mvua inakuja.

Sasa, Bwera nzima tulikuwa tunajua habari za shahada za Asmah. Binti yule mchana yuko mpakani Mpondwe kwenye ofisi ya wakala wa forodha, anajaza makaratasi ya malori ya watu, na mwisho wa wiki yuko Kasese darasani. Uzamili wa usimamizi wa biashara, na papo hapo uzamili wa uchambuzi wa data. Shahada zote mbili kwa mpigo mmoja. Vijana wa kinyozi walimcheka sana mwanzoni. "Asmah, kwa nini mbili? Ile moja ina kasoro?" Mwingine anadakia, "Hamjui? Baba yake Muislamu, anaruhusiwa mpaka nne!" Naye alikuwa akiwajibu bila kusimama: "Moja ya kuniambia duka linaumwa wapi, moja ya kuniambia nilitibu vipi. Nyinyi hata wembe mmoja umewashinda."

Baba yake, Mzee Badiru, mwenye lori, alikuwa hawezi kununua hata sabuni bila kumweleza muuzaji habari za chuo. Na mama yake, Hajati Mastula, muuza vitenge, alikuwa amekwisha kuwachagulia wenzake wa sokoni kitenge cha sare cha siku ya joho, na fundi alikuwa amekwisha kuwapima viuno.

Kwa hiyo fikiria Asmah anarudi nyumbani siku ile akiwa na uso kama jiwe la kusagia, anakuta nini? Anakuta nyumba imejaa. Nyumba ya Mastula haijawahi kuwa tupu tangu ijengwe. Wanawake wa soko wamekaa mkekani wanachambua maharage ya harusi ya jirani, chai ya tangawizi inazunguka, mtu analia, mtu anacheka, watatu wanasema kwa wakati mmoja. Pembeni kabisa amekaa Kyomugisha, yule muuza samaki wa Katwe ambaye mume wake alikuwa mchimbaji wa shaba na amezikwa Bulembia. Kyomugisha ndiye aliyemwona wa kwanza, akaangaza uso wote.

"Mutoto! Sema basi. Tumepita?"

Asmah alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. "Tumepita nini?"

"Mutihani yetu! Ile ya kuuliza-uliza. Mimi nilijibu muzuri kabisa, sikusahau hata moja. Hata Jamidah alisahau kidogo, mama yako akamukumbusha."

Mastula alimtazama Kyomugisha kwa jicho ambalo lingeweza kuivisha yale maharage bila kuni.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa zaidi. Soko la Lhubiriha lina desturi yake, inaitwa kupanga mdomo. Akija mgeni mwenye kalamu, awe wa kodi, awe wa shirika, awe wa sensa, wanawake hawamjibu siku hiyo. Watamwambia rudi kesho, leo kuna msiba. Halafu wanakutana kwa Mastula, wanakunywa chai, wanakubaliana jibu moja, na kesho yake mgeni anapewa jibu hilo hilo kuanzia kibanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Hivyo hakuna anayechaguliwa akabebeshwa mzigo peke yake. Asmah alikua akiwamiminia chai katika mikutano hiyo. Aliona mashirika mazima yakirudi Kampala na majibu ya sebuleni kwao. Hakuwahi kufikiri hata mara moja kwamba siku moja mgeni mwenye kalamu angekuwa yeye.

"Mlipanga mdomo," alisema polepole. "Mlinipangia mimi mdomo."

"Kaa kwanza unywe chai," Mastula akasema.

"Sitaki chai! Mama, mimi?"

"Ndiyo, wewe! Kwa sababu wewe ni mutoto yetu." Mastula naye akapanda. "Uliniambia mwenyewe ni mtihani wa mwisho. Sasa huyu akijibu hivi na yule akijibu vile, mwalimu atasema nini? Si atasema hujui kitu, umeokota maneno barabarani? Tukaona tukusaidie, majibu yalingane."

"Majibu hayakutakiwa kulingana! Hiyo ndiyo kazi yote ya data, Mama, watu watofautiane! Mjane anasema mume wake ndiye anaamua faida! Mume gani? Aliyezikwa?"

"Mimi nilisema hivyo hivyo," Kyomugisha akajitetea kwa sauti ndogo. "Tuliambiwa wote tuseme mume."

"Na Jamidah je? Jamidah ameolewa lini?"

Jamidah, muuza mafuta ya mawese, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka Kasindi ng'ambo ya mto, safari hii hakucheka. Alikuwa anachagua maharage moja moja kama anayatafutia majina.

Asmah alitupa kiatu chini. "Haya, nimewaelewa kwamba mlitaka yalingane. Lakini niambieni, kwa nini mume? Mngeweza kupanga kusema mlianza na mkopo. Au mlirithi. Kwa nini wote mlichagua mume? Na kwa nini wote lango kuu?"

Nje barazani redio ya Mzee Badiru ilikuwa inasoma bei za kahawa. Mastula alitazama mlango wa baraza, akashusha sauti.

"Wewe unafanya kazi kwa wakala wa forodha, Asmah. Umetuletea kishikwambi unatuuliza tunapita njia gani. Ulitaka tuseme nini?"

"Niliwaambia majina hayatatoka."

"Wote huwa wanasema hivyo."

"Na mume?"

"Wanaume nao wanaishi Bwera," Mastula akasema, karibu ananong'ona. "Wanasoma. Wanasikia. Acha hayo."

Hapo ndipo Asmah alipowaka kabisa. Nimesikia watu wakigombana katika nyumba ile, lakini sijasikia kama siku ile. "Kwa hiyo hamkunisaidia mimi! Mlijificha nyuma yangu! Mimi nimekaa miaka Jumamosi na Jumapili kwenye benchi, wenzangu wanaolewa, wanazaa, mimi nahesabu mistari ya kompyuta mpaka macho yanatoka machozi. Leo mtu ananiita mwongo na mwizi usoni, ananiambia sisi wa mpakani ni watu wa mkato, nashindwa kumjibu, kumbe ana haki! Nani atakuja na mimi Kasese Jumamosi aseme ukweli? Mmoja tu. Mmoja!"

Maharage yalianguka kwenye beseni, ta, ta, ta.

"Mdomo ukishapangwa haupanguliwi," Mastula alisema. "Hata kwa mtoto. Leo nikiupangua kwako, kesho nani ataniamini?"

Pazia la baraza likafunuliwa. Mzee Badiru alikuwa amesikia mwisho tu, kwamba kuna mtu Kasese amemwita binti yake mwizi, na huo ulimtosha. "Nitakwenda mimi," alisema. "Waniambie mbele yangu."

"Baba, wewe hukuhojiwa."

"Mimi ndiye baba! Watajua wewe ni binti wa nani."

Jumamosi ilipofika walikwenda na lori. Mzee alivaa kanzu nyeupe na koti la Idi juu yake, akaliegesha lori langoni mwa chuo kama anayekuja kukizingira. Asmah alimwomba angoje nje. Hakusikia. Aliingia, akawasalimia wote mmoja mmoja kwa mkono, akaketi karibu na mlango, kofia magotini.

Jopo lilikuwa na watu watatu, lakini aliyekuwa na neno ni mmoja, Profesa Tusiime, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alikulia kambini, baba yake akiwa sajini, na Kiswahili chake alikipata huko huko, kwenye gwaride.

"Kabla hatujaanza," Badiru alisema, akasimama, "naomba mjue huyu ametoka nyumba ya watu wanaojitegemea. Mimi nilianza na lori moja, kwa jasho langu. Na mama yake nikamfungulia duka. Hatujui kuiba."

"Asante, mzee. Keti."

Dokta Abaho alieleza madai yake, na lazima tumpe haki yake, alieleza vizuri. Mjane mwenye mume. Msichana mwenye mume. Soko lisilo na mtu hata mmoja anayejua mto. Kisha Asmah akasimama, akaeleza kupanga mdomo. Alieleza kwa hasira, na hasira ikampotezea mpangilio. Alianza katikati, akarudi nyuma, akaruka, mpaka Dokta Abaho akatabasamu.

"Kwa hiyo wanawake wa soko zima walikutana sebuleni kwa mama yako kunywa chai na kuharibu utafiti wako? Hiyo ni hadithi nzuri. Ushahidi uko wapi?"

"Wapigieni simu!" Asmah akasema. "Namba zote ziko hapo. Chagueni wenyewe. Mimi sitasema neno."

Profesa Tusiime alimtazama, akavuta simu yake, akapitisha kidole kwenye orodha bila kutazama, akapiga. Akaweka spika.

"Halo? Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya Kyomugisha, na nyuma yake kelele za soko na kuku.

"Wewe! Jina yako nani?"

Kyomugisha aliposikia sauti ile, nadhani alisimama wima pale pale kwenye samaki wake. "Kyomugisha, afande."

"Unauza nini?"

"Samaki, afande. Samaki ya halali."

"Mtaji ulipata wapi?"

"Nilipewa na bwana yangu, afande."

"Faida nani anaamua?"

"Bwana yangu."

"Bwana yako iko wapi sasa?"

Kuku akapiga kelele. "Alikufa, afande."

"Alikufa, na iko anaamua?"

"Ndiyo, afande. Iko anaamua."

Mjumbe wa tatu wa jopo aliinama chini ya meza kana kwamba kalamu yake imeanguka. Profesa hakucheka. Akapiga namba nyingine, na hii ilikuwa ya Jamidah.

"Mtaji ulipata wapi?"

"Mume wangu alinipa," Jamidah akajibu haraka, kama mtu anayelipa nauli.

"Mume yako jina yake nani?"

"Eeh?"

"Jina ya mume! Sema!"

"Ah... yule... iko safari, afande. Iko mbali. Hata simu haishiki."

Asmah alimgeukia Dokta Abaho. "Hao nimewapika mimi? Nimewapika kitandani?"

Lakini Dokta Abaho hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. "Profesa, hii inathibitisha kinyume. Hawa ni marafiki wa mama yake. Amewafundisha. Wiki nzima alikuwa nao nyumbani. Kama kweli wana jibu jingine, mbona hatulisikii? Tunachosikia ni kile kile alichoandika yeye."

Profesa Tusiime alivua miwani, akaifuta taratibu. Asmah akaona jinsi mambo yanavyokwenda. Akaona joho linarudi kwa fundi, vitenge vinakatwa kuwa mito ya makochi, na vijana wa kinyozi wanajiandaa. Na simu bado ilikuwa wazi. Jamidah bado alikuwa anapumua upande wa pili.

Akainamia simu. "Shangazi Jamidah, ni mimi Asmah."

"Mutoto! Nimesema muzuri?"

"Umesema vizuri. Lakini Mama amesema mengine. Amewaambia watu wa huku kwamba mawese yako ulianzishiwa na mume wa mtu. Anasema ndiyo maana jina lake hulitaji."

Uongo mtupu. Mastula hakuwahi kusema hivyo. Lakini Asmah aliwajua wanawake wale tangu akiwa anabebwa mgongoni, na alijua kwamba Jamidah unaweza kumwambia chochote isipokuwa hicho.

Spika ilipasuka. "Nani? Mastula? Mastula amesema hivyo? Mimi? Mimi niliyeanza na madumu mawili ya kuokota, nikavuka mto maji kifuani, wakati yeye anavuka na mimi! Mimi sina mume, sitaki mume, sijapewa hata kiberiti na mwanaume! Na Kyomugisha alianza na pesa ya rambirambi, kila mtu anajua! Na Munirah anamficha mume wake hata kibanda chenyewe kiko wapi! Sisi tulisema mume kwa sababu yeye Mastula alitupigia magoti. Alituomba tuseme mume, wote, ili lake lisionekane peke yake! Muulizeni lori la Badiru alinunua nani! Muulizeni! Vitenge vya nani vilinunua lori, vya Badiru au vya Mastula? Tumefunga mdomo miaka yote kwa heshima ya yule mzee, leo mimi ndiye naitwa malaya?"

Profesa alikata simu.

Hakuna aliyethubutu kutazama mlangoni, kwa hiyo wote walitazama. Mzee Badiru alikuwa ameketi vile vile, kofia magotini, lakini vidole vyake vilikuwa vimeikunja kofia mpaka ikawa kitu kidogo kama yai.

"Data haikupikwa na mwanafunzi," Profesa Tusiime alisema kwa Kiingereza chake cha ofisini, bila kumtazama mtu. "Ilipikwa na waliohojiwa. Lakini imekufa, Bi Asmah. Huwezi kuitumia. Utakusanya upya, na safari hii utaandika pia kwa nini ya kwanza iliharibika. Ulikuwa unajua desturi hii, umekulia ndani yake, na hukuiweka kwenye mpango wako wa utafiti. Hilo ni kosa lako, si la mama yako." Kisha akamgeukia Abaho. "Na yale uliyoandika hapa kuhusu watu wa mpakani, dokta, utayafuta."

Dokta alisema atayafuta. Hakumwomba Asmah radhi. Mpaka leo hajamwomba.

Lori lilipita Kikorongo, njiani kurudi Bwera. Swala walikuwa wanakula nyasi kandokando ya barabara kama kawaida yao.

"Ulikuwa unajua?" Badiru akauliza ghafla.

"Sikujua, Baba. Wallahi."

"Mimi nilijua." Alibadili gia kwa ukali, lori likalia. "Hilo lori nitasahau vipi? Nilidhani tunajua watu wawili. Mimi na yeye. Kumbe soko zima! Miaka yote naingia pale, 'karibu tajiri, karibu mwenye lori,' wananiwekea kiti. Wananicheka na kiti wananiwekea!"

"Hawakukucheka. Walikuwa wanakuheshimu."

"Usiniambie heshima! Heshima ya kupangiwa mdomo?"

Nyumbani, bila shaka, palikuwa pamejaa. Habari zilikuwa zimefika kabla ya lori, maana Jamidah alitoka sokoni moja kwa moja mpaka uani kwa Mastula, na matusi waliyotupiana pale sitayaandika, watoto pia wanasoma. Badiru alishuka, akasimama katikati ya wanawake na kofia yake iliyokunjika.

"Nani hapa," akauliza, "alikuwa hajui kwamba lori ni la Mastula?"

Alingoja. Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna mkono ulioinuka, hata ule wa msichana wa jirani aliyekuja kuazima kinu.

Badiru akarudi kwenye lori, akaenda Nyakiyumbu kwa dada yake.

Mastula alimgeukia bintiye. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umenivua nguo mbele ya watu. Umenigombanisha na Jamidah kwa neno ambalo sikulisema. Umemtoa baba yako nyumbani. Kwa ajili ya nini? Karatasi?"

"Kwa ajili ya jina langu," Asmah akasema. "Wewe ulilinda la Baba. La kwangu nani alililinda?"

"Ungeniuliza, ningekuambia!"

"Nilikuuliza, Mama! Nilikuuliza nimesimama mbele yako na kishikwambi, swali la nne. Ukaniangalia machoni, ukaniambia mume wangu."

Mastula akageuka, akaingia ndani.

Badiru alirudi, maana dada yake anapika bila chumvi. Lakini alirudi na ulimi mpya. Ukimwomba akubebee gunia, anasema, "Ngoja nikaombe ruhusa kwa mwenye lori." Ukimsalimia, "Hujambo tajiri," anajibu, "Tajiri yuko jikoni." Mastula anamsikia, anagonga sufuria. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi Asmah alipoanza kukusanya upya.

Alikwenda kwanza kwa Jamidah kumwomba msamaha. Jamidah alikuwa anapima mawese, hakuinua uso.

"Sikusamehe. Na maswali yako sijibu. Andika nimekataa. Hiyo nayo si data?"

"Ni data, Shangazi."

"Basi andika, uondoke kwenye jua langu."

Asmah akaandika, amekataa. Alipofika kwa wengine, wakamwambia rudi kesho, leo kuna msiba. Alijua maana yake. Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, akasikia viatu vinavuliwa mlangoni kwao, kimoja baada ya kingine, na birika limewekwa jikoni.

Safari hii hakumimina chai. Aliingia katikati ya mkeka akasimama. "Najua mmekuja kufanya nini. Mpange, msipange, shauri yenu. Lakini mimi niko stoo, kwenye magunia. Anayetaka aje mmoja mmoja, mlango utafungwa, na redio ya Baba itapigwa huku nje kwa sauti ya mwisho. Asiyetaka akae hapa anywe chai ya Mama. Nikipata mmoja tu, nitaandika kuhusu huyo mmoja. Nikikosa, nitaandika kwamba nimekosa. Mwongo sitaitwa tena."

Akaenda. Akakaa juu ya gunia la kahawa, kishikwambi magotini. Badiru barazani alifungua redio, akaongeza sauti, akaongeza tena, kwa hasira ile ile aliyokuwa nayo kwa dunia nzima. Asmah alingoja sana. Alikuwa amekwisha kuanza kuandika lile neno la kukosa, mlango ukasukumwa.

Alikuwa Mastula. Aliufunga nyuma yake, akavuta gunia, akaketi, akajifunga mtandio upya.

"Nimekukasirikia," alisema. "Ujue hilo. Nitakukasirikia mpaka hilo joho lako lichakae."

"Na mimi nimekukasirikia, Mama."

"Sawa. Uliza."

"Mtaji wa kuanzia ulipata wapi?"

"Kwangu mwenyewe. Chumvi ya Katwe, niliibeba kichwani. Andika."

"Faida ya biashara nani anaamua itumike vipi?"

"Mimi."

"Mzigo unapitia wapi?"

"Inategemea nani yuko zamu langoni. Akiwa yule mrefu, mtoni. Andika hivyo hivyo."

Asmah aliandika hivyo hivyo. Maswali yalipokwisha alisimama kumfungulia. Mastula akamshika upindo wa gauni.

"Usifungue haraka," alisema. "Kaa kidogo. Ukweli ni mfupi, nikitoka sasa watajua. Waache wafikiri bado nadanganya."